Uso wa Mamlaka ya Makaburi

"Mamlaka ya Makaburi ya Jiji inayo furaha kuwatangazia wananchi wote, walio hai na wengineo, kwamba kuanzia wiki hii si ofisi tena bali ni chapa."

Mkurugenzi alilisoma tangazo hilo mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote, amesimama juu ya kiti kwa sababu ombi la jukwaa lilikuwa bado linashughulikiwa. Alipomaliza alipigiwa makofi. Aliyechelewa kupiga makofi alitazamwa. Nje ya lango, familia zilizoleta wapendwa wao kuzika zilikuwa zikisubiri juani, maana hakuna kaburi lililochimbwa bila saini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi, kama ilivyoelezwa, alikuwa juu ya kiti.

Mtu asiye na maono angeuliza makaburi yana haja gani ya chapa, ilhali mshindani hayupo na wateja wanakuja wenyewe. Mtu huyo alikuwepo. Ni msimamizi wa wachimbaji, aliyeitwa Koleo, ambaye neno likimfika mdomoni halirudi.

"Mzee, kwani hao wateja wana pa kwenda pengine?"

Mshauri Mwelekezi, kijana wa suruali ya kubana aliyekodiwa kwa kazi hiyo, akatabasamu kwa huruma. "Mteja wetu anakuja mara moja tu. Ndiyo maana mara hiyo moja lazima tumshike."

"Tunamfukia," Koleo akasema.

"Huo ni utekelezaji. Mimi naongelea mkakati."

Mkakati wenyewe uliitwa Mpango Jumuishi wa Mawasiliano ya Masoko, na ulikuwa rahisi kuuelewa kuliko jina lake. Bango la barabarani, redio, gari la matangazo na kofia ya mchimbaji, vyote viseme neno lile lile kwa rangi ile ile. Mwananchi akigeuka kulia akutane nalo, akigeuka kushoto limsubiri huko, mpaka aamini kwa kuchoka. Kaulimbiu ilishapatikana: Pumzika, Tupo.

Ilibaki sura. Chapa bila sura, alieleza Mshauri, ni kama nyumba bila mlango. Wazo la kutumia wateja walioridhika lilikataliwa kwa kuwa hawakuweza kusaini ridhaa. Ndipo Mkurugenzi akajikohoza, akatazama dari, akasema kwa unyenyekevu kwamba kama hakuna mwingine, basi atajitolea.

Hapa ni vizuri msomaji aambiwe ukweli. Kiti cha Katibu Mkuu wa Wizara kilikuwa wazi, na Mkurugenzi alikuwa akikitaka mpaka usingizi unampaa. Alikwishaanza kutembea kama Katibu Mkuu, mikono nyuma, akiwaitikia watu kwa kidevu. Alichokosa ni kujulikana tu, na sasa kujulikana kulikuwa kumekuja kwa miguu yake hadi ofisini.

Akapigwa picha ndani ya suti nyeusi, macho ameyainua juu, kwa kuwa alipotazama mbele mpiga picha alisema anaonekana kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Chini ya picha akataka liwekwe jina lake kamili, na chini ya jina, utumishi wake wote: mwaka alioanza kazi, kistari, na mwaka huu.

Ofisa Mawasiliano, mwanamke mpole aliyeandika kila alichoambiwa jinsi alivyoambiwa, akainua kalamu. "Mkuu, hicho kistari..."

"Kiongezwe unene."

Kikaongezwa. Redioni, tangazo likapangwa papo hapo baada ya matangazo ya vifo, kwani utafiti wa Mshauri ulionyesha kwamba wanaosikiliza matangazo ya vifo ndio wenye uhitaji wa karibu. Kinanda cha polepole, sauti nzito ya mwanamume, jina, cheo, miaka, "mtumishi mwema, mpenda watu," halafu kaulimbiu. Mkurugenzi aliposikilizishwa alifuta machozi. Alikuwa hajui kwamba ni mtu mzuri kiasi kile.

Mwisho akatia saini Waraka wa Sauti Moja. Aliujua ulimwengu wa ofisi. Wapo waliokitaka kiti kile kile, na wangeweza kupenyeza maneno ya kumharibia. Kwa hiyo waraka uliamuru kwamba mfanyakazi yeyote atakayetamka kuhusu Mkurugenzi neno lisilokuwemo kwenye tangazo atafukuzwa siku hiyo hiyo, na kwamba tangazo halitapingwa, halitafafanuliwa wala halitakanushwa na mtu yeyote wa cheo chochote. Hayo ya "cheo chochote" aliyaongeza kwa mkono wake.

Mpango ukaanza kazi alfajiri. Asubuhi hiyo Mkurugenzi alikuwa garini akaona watu wamekusanyika chini ya bango lake penye njia panda. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Mama mmoja alitikisa kichwa, akaweka maua. Mkurugenzi akampigia Mshauri simu.

"Wanavua kofia!"

"Muunganiko wa kihisia huo, mkuu. Makampuni makubwa hulitafuta jambo hilo miaka na miaka."

Alikuwa bado anautafakari muunganiko huo simu ilipolia tena. Mara hii ni mkewe.

"Baba watoto, umeagiza viti?"

"Viti gani?"

"Vya kukodi. Vinashushwa uani. Na majirani wameshavikalia."

Alipofika nyumbani alimkuta shangazi yake ameketi chini, kanga kichwani, sauti imemkauka kwa kulia. Mkurugenzi akapiga magoti mbele yake. "Shangazi, ni mimi. Sijafa."

Shangazi akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Nakuona. Lakini redio imesema. Nimeshuka kwenye basi, bango limesema. Nimefika kona ile, gari la matangazo limesema, na maneno yenyewe hayapishani hata kidogo. Sasa hao wote waongo, mkweli wewe peke yako?"

"Lakini mimi ndiye mwenyewe!"

"Ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, mbishi," akasema shangazi, akaendelea kulia. Amani ilirudi pale uani baada tu ya mkewe kumwomba kwa adabu aingie ndani, maana alikuwa anawachanganya waombolezaji.

Mkurugenzi akarudi ofisini mbio. Bendera ya Mamlaka ilikuwa nusu mlingoti. Akamwamuru Ofisa Mawasiliano aandike kanusho sasa hivi.

"Haiwezekani, mkuu," akajibu Ofisa kwa upole. "Kanusho ni sauti ya pili."

"Mimi niko hai!"

"Hilo ni suala la ndani. Huko nje, chapa ndiyo inayosema."

"Basi nafuta waraka!"

"Kuufuta ni kuupinga, mkuu. Umekataza watu wa cheo chochote." Akasogeza karatasi mezani. "Halafu kuna utafiti wa maoni wa asubuhi hii. Wananchi hawajawahi kutupenda namna hii. Wanasema tangu uondoke lango limefunguliwa mapema na kaburi linapatikana papo hapo."

Mkurugenzi akamtafuta Koleo, akamkuta ndani ya shimo, jasho linamtoka.

"Nani amekupa ruhusa ya kuchimba bila saini?"

Koleo akaegemea koleo lake. "Tulisikia umefariki, mzee. Tukaona tusiwaweke watu juani wakisubiri saini ya marehemu." Kisha akakumbuka waraka, akaangalia huku na huku, akasimama wima. "Mtumishi mwema, mpenda watu," akasema, akarudi kuchimba.

Likabaki tumaini moja, Wizarani. Waziri alimpokea amesimama, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Pole sana."

"Mheshimiwa, pole ya nini? Mimi ndiye mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupa pole. Wewe umeguswa kuliko wote."

"Mheshimiwa, niko hai. Si unanishika?"

"Nakushika. Sina shaka hata chembe." Waziri akaketi. "Shida ni kwamba serikali ilishatuma rambirambi. Tukikiri leo kwamba tulikosea kwenye jambo dogo kama uhai wa mtu mmoja, kesho watatuuliza kuhusu mambo makubwa."

Mkurugenzi akainamia meza. "Na kile kiti, Mheshimiwa? Cha Katibu Mkuu?"

Waziri akageukia dirisha. "Jina lilikuwa lako. Lilikuwa limeshapita kote. Nilikuwa nimeshika kalamu, nataka kutia saini, mara redio ikapiga kinanda. Nikaiweka kalamu chini. Nililia kidogo, sikufichi. Tangazo lilikuwa zuri mno."

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoumia kweli kweli. Kuambiwa amekufa alikuwa anakuvumilia. Kuambiwa alikuwa ameshaula, halafu tangazo alilolipigania kwa kila hila likampokonya tonge mdomoni, kulimkata maini. Alitaka kulia, lakini mbele ya Waziri hata machozi yanahitaji miadi.

"Nani alilitengeneza?" Waziri akauliza. "Mtu wa namna hiyo Wizara inamhitaji."

"Mimi, Mheshimiwa," akasema haraka, maana sifa hakuwahi kumwachia mtu.

"Wewe huwezi kuandaa tangazo la kifo chako. Niandike nani?"

Mkurugenzi akamtaja Ofisa Mawasiliano.

Siku Katibu Mkuu mpya alipotambulishwa, ukumbi wa Wizara ulijaa mpaka watu wakaegemea kuta. Jina la Mkurugenzi halikuwa miongoni mwa waalikwa, akapenya pamoja na umati. Binti wa mapokezi akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini.

"Samahani, baba. Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Wa karibu sana."

Akabandikwa utepe mweusi kifuani, akapewa kiti katikati ya ukumbi, jirani na bibi mmoja mwenye leso mkononi. Bibi huyo alimnong'oneza kwamba alimzika mumewe wiki ile, hakusubirishwa hata saa moja, na Mungu amrehemu mkurugenzi yule aliyeacha mambo yamenyooka namna hiyo.

Katibu Mkuu mpya, yule yule aliyekuwa Ofisa Mawasiliano, akapanda jukwaani, ombi la jukwaa sasa likiwa limeidhinishwa. Akahutubia kwa ufupi na kwa upole ule ule. Akasema mafanikio yake yote yanatokana na maelekezo ya marehemu mkuu wake, ambayo aliyafuata bila kuongeza neno wala kupunguza. Waziri akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi naye akajikuta anaitikia.

"Kabla hatujaendelea," akasema Katibu Mkuu, "naomba tusimame dakika moja kumkumbuka."

Viti vikalia. Waziri akasimama, wakurugenzi wa mamlaka nyingine wakasimama, Koleo kule nyuma akasimama na kofia yake ya kazi mkononi. Mkurugenzi akakishika kiti chake kwa mikono yote miwili. Akajiambia kwamba hasimami ng'o. Akibaki amekaa, peke yake katika ukumbi mzima, watamwona, na wakimwona itabidi wamuulize yeye ni nani.

Kweli wakamwona. Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja, mpaka Waziri naye akageuka. Wote walikuwa wamekunja uso. Bibi wa leso akainama, akamshika bega.

"Simama, baba," akamnong'oneza. "Hata kama mlikuwa mmekosana, simama. Mtu ameshakufa."

Mkurugenzi akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa, akatulia mpaka dakika ikaisha.