Wawili Waende Wasini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Miaka thelathini na mitatu na miezi minne tangu tuondoke chini ya Mlima Elgon na godoro moja na sanduku la vitabu. Nyuma yetu nyumba inawaka. Nahesabu hivyo kwa sababu nilikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule. Tarehe ni tarehe.

Sasa ni mjini, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, chumba kimoja. Tangu mke wangu Nekesa afariki, miaka sita, hakuna mwingine aliyelala humu. Jirani akikohoa ng'ambo ya ukuta, namshukuru kimoyomoyo.

Leo watoto wameanza likizo. Nina mpango. Mwanangu Wabwire na mkewe Lorine waende kisiwani siku nne, wawili tu. Wamechoka, siku hizi wanazungumza kama makarani wa ofisi moja. Watoto wabaki. Wakoli ana miaka tisa, Nerima sita. Wabaki kwa nani? Kwa babu yao! Wao kitandani, mimi chini. Nitawasomea. Asubuhi tutakunywa uji watu watatu.

Kikwazo kimoja: Bi. Muhonja, mamake Lorine, mjane wa mtaa wa Kware. Anakaa ghorofa ya pili. Ya pili! Na anakaanga njugu.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilikwenda kwa kina Wabwire, mtaa wa Komarock, na picha niliyoikata gazetini: kisiwa cha Wasini, maji ya kijani, viti viwili, hakuna mtoto. Nikaichomeka ndani ya Biblia yao, kwenye Wimbo Ulio Bora. Nilitaka Lorine aikute peke yake na apate wazo.

Kumbe jioni ilikuwa zamu yao ya ibada ya nyumba kwa nyumba. Biblia akapewa mzee wa kanisa. Picha ikamwangukia magotini. Akaitazama, akaitangaza kuwa ishara, akaiombea ndoa ya Wabwire kwa dakika kumi na mbili mbele ya majirani. Lorine akalia. Wabwire akatazama viatu vyake.

Wanaondoka Jumatano, wanarudi Jumamosi. Sikupanga hivyo hasa. Lakini ushindi ni ushindi.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa. Lorine amemwomba mamake aje alale Komarock na watoto, maana kwake Kware jiko la njugu liko chumbani humo humo. Hakuniuliza!

Nimefika kwao kabla ya saa sita, na tai shingoni. Bi. Muhonja alikuwepo, amekaa sebuleni karibu na mlango, kama mama mkwe anavyopaswa. Nikaomba kuzungumza. Nikasema, kwa upole, kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kwetu Bukusu au kwao Maragoli, hilo sote tunalijua.

Bi. Muhonja akasema mkwe mwenyewe hatakuwepo, atakuwa baharini. Hapo nikasimama.

“Mwenye nyumba anaweza kuwa baharini,” nikasema. “Paa lake haliendi naye.”

Sentensi nzuri. Nimeiandika hapa isipotee. Wabwire akakuna kichwa. Lorine akatazama chini. Bi. Muhonja akakubali kwamba mila ni mila. Akanipa njugu, nikala. Hazina kasoro, kwa bahati mbaya.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nikapendekeza watoto waje kwangu. Lorine akauliza, kwa heshima, kuhusu ngazi. Kuhusu maji. Kuhusu kibaraza kisicho na wavu. Nikasema basi, ikiwa ni ngazi, mimi nitakuja Komarock nilale sebuleni. Niliona nimejitoa mhanga.

Bi. Muhonja alikuwa anamfunga Nerima nywele. Hakuinua kichwa.

“Mkwe, paa si ni lile lile?”

Kweli: baba naye halali chini ya paa la mwanawe aliyeoa. Nilijua hivyo tangu utoto. Jana lilinitoka kabisa akilini.

Wakoli akauliza kwa nini Kuka, yaani babu yake, amekuwa mwekundu masikio.

Hata hivyo, Lorine amekubali kuja kesho kukikagua chumba changu. Nimemwita fundi Muoki aje na wavu.

Jumatatu, 11 Agosti

Muoki alimaliza saa tatu. Wavu imara, nimeutikisa kwa mikono miwili. Nikapiga deki. Nikaweka shuka mpya. Nikakisogeza kitanda mbele, mkabala na mlango, ili aone mara moja kwamba wawili wanaenea.

Lorine akapanda ngazi zote, akafika mlangoni, akakiona kitanda. Akasimama.

Mke wa mwanangu haingii ninapolala. Chumba ni kimoja. Chumba chote ni ninapolala! Mzee mwenye tai, mtetezi wa mila, ndiye aliyekiweka kitanda pale mlangoni.

Nikambebea stuli nje. Akakaa koridoni, mimi nikabaki ndani, nikamweleza wavu kwa sauti: upana, urefu, idadi ya misumari. Akasikiliza vizuri. Msichana huyu ana adabu. Wakati huo mtu wa ghorofa ya saba akamwaga maji ya nguo, yakapita mbele ya wavu kama mvua. Bomba likakoroma. Hakuna maji tena.

Akasema ahsante, baba. Jioni Wabwire akapiga simu. Watoto watakaa kwa Qali, jirani yao wa mlango wa kushoto, mama Msomali mwenye watoto wanne na subira ya ajabu. Kwake hakuna mkwe wala paa.

Nimerudisha kitanda ukutani. Shuka nimeiacha.

Jumatano, 13 Agosti

Wameondoka na gari moshi la asubuhi.

Saa nne nilikuwa napita Komarock, na kitabu cha hadithi, kwa bahati tu. Nje ya lango la Qali nikamkuta Bi. Muhonja juu ya kiti cha plastiki. Yeye pia alikuwa anapita, na njugu. Qali akaniletea kiti bila kuniuliza kitu.

Tukakaa kutwa. Watoto walikuja mara tano: mara nne kwa njugu, mara moja kwangu. Nilisoma kurasa mbili. Nerima akaniambia niendelee hata akienda, maana atasikia kutoka kule. Nikaendelea. Bi. Muhonja pia alisikiliza, nadhani.

Saa kumi na mbili Qali akaleta chai, akasema kwa upole watoto wanaoga sasa. Tukaelewa.

Tulitembea pamoja hadi barabarani. Hapo Bi. Muhonja akasimama kuhamisha mfuko mkono.

“Kwangu nako ni kimya, mkwe.”

Nilitakiwa kusema kitu. Nilimwambia kimya ni kizuri kwa kusoma.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamerudi. Weusi, wanene kidogo, wanacheka mambo wasiyotueleza. Wabwire alimshika Lorine mkono mbele yangu. Nilitazama pembeni, lakini nilifurahi.

Kisha habari. Bi. Muhonja anahama Kware. Anarudi kijijini, Vihiga, kwenye nyumba yake mwenyewe. Desemba watoto wataenda kulala kwake wiki tatu. Pale hakuna mila inayokataza. Wiki tatu!

Wabwire akanisindikiza hadi langoni. Akasema huko kisiwani waliongea kunihusu. Ardhi yetu kule mlimani kuna mtu anailima, lakini mzee wa kijiji yuko tayari kusikiliza. Watanijengea vyumba viwili. Watoto watakuja walale kwangu, kihalali, kila likizo.

Akangoja. Niliona alikuwa amelifikiria vizuri. Nikamwambia saa zimekwenda.

Sasa niko mezani. Nimekumbuka mila moja, nzito, itakayommaliza Bi. Muhonja: mjukuu halali kwa mama mzaa mama kabla hajalala kwanza nyumbani kwa babu wa kuumeni. Nitaitangaza kesho baada ya kanisa, nimesimama, na tai. Ataniuliza nyumba hiyo ya babu iko wapi. Hilo nitalitafutia jibu njiani.

Kule mlimani sitarudi.