Nepi Zangu Ziko Msumbiji

Jumatatu, 1 Desemba 2003

Mama mkwe ametangaza vita. Amesema mbele ya mke wangu Doris, huku amempakata Glory, kwamba nepi zangu za kitambaa ni matambara. Mkwe wake mwingine, yule wa Arusha, hununua za dukani, za kutupa. Yule wa Arusha tena! Nikamjibu kwa adabu kwamba kitambaa ni cha taulo, nimekichagua mwenyewe sokoni Chikongola, na fundi amekishona pindo pande zote. Akasema haya, tutaona. Siku mtoto akitoka upele, au nepi zikikosekana akalala amelowa, atawachukua binti yake na mjukuu wake hadi Moshi. Nitamwona Glory akishajua kutembea.

Glory ana wiki tatu na tayari anajua kunishika kidole. Anakikamata hasa. Siwezi kubaki peke yangu hapa mtaani Likombe na kidole kitupu.

Jumanne, 2 Desemba

Nimerudi kutoka bandarini jua linazama. Kamba tupu! Asubuhi ilikuwa nyeupe kwa nepi mwanzo hadi mwisho. Doris hatoki nje, yuko kwenye arobaini. Mama mkwe goti linamsumbua, akishaanika asubuhi haonekani tena uani. Nani basi?

Sikuuliza. Ukiuliza unamshtua mwizi. Chumbani kwa mtoto nako siingii hovyo, mama mkwe amekaa mlangoni kama askari wa forodha.

Jumatano, 3 Desemba

Nimetoroka kazini. Nilimwambia Josephu, karani mwenzangu, kwamba tumbo linanikata. Nikajibanza nyuma ya choo chetu, nikavumilia harufu na mbu.

Nimemwona. Ni Bi Mwanahawa, jirani yetu, mke wa Mzee Abdallah mkulima wa korosho. Kapita kwenye upenyo wa ua, kachuma nepi zangu kama anachuma kisamvu, kazitupia begani, kaingia nazo kwake. Hata kugeuka nyuma hakugeuka. Na mama huyu hunisalimia kila asubuhi, ananiuliza hali ya kazi. Kumbe alikuwa anahakikisha kama naondoka.

Nimewaza sana. Yeye hana kichanga. Kwa hiyo anauza. Hapa mjini hawezi, pindo la fundi wangu lingejulikana. Jibu ni Kilambo, kule mpakani! Zinavushwa mto Ruvuma. Hivi ninavyoandika, kuna mtoto Msumbiji amekauka vizuri kwa jasho langu, na wangu anakaribia kupandishwa basi la Moshi.

Alhamisi, 4 Desemba

Lazima nimkamate na ushahidi. Josephu ni mwenyeji wa Newala, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayepiga soga, ni kitu gani kinachotia doa mkononi lisitoke. Akasema mafuta ya ganda la korosho mbichi. Ukiyashika unakuwa mweusi, na sabuni haifui dafu. Alitaka kuongeza jambo lakini nilikuwa nimeshainuka.

Korosho nimezipata bila shida. Bi Mwanahawa anazianika kwenye jamvi uani kwake. Nimejichotea mfukoni. Ukimwibia mwizi wako, hana la kudai. Nimezipasua kwa jiwe nyuma ya choo na kuvipaka vibanio vyote vya kamba ya nguo mafuta kwa vidole vyangu. Nepi sikuzigusa. Mimi ni baba, si mwendawazimu.

Kesho mwizi atakuwa na mikono myeusi. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Nepi zimeanikwa jikoni. Hakuna aliyegusa kibanio hata kimoja.

Mikono yangu ni myeusi. Imevimba, imetoa malengelenge. Jicho la kushoto, ambalo nakumbuka nililipangusa jana, limefumba. Josephu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hilo ndilo alilotaka kuniongezea, kwamba yale mafuta yanababua kama moto. Akaniongezea na lingine. Huku kwao mtu mwenye mikono ya namna hii asionekane karibu na korosho za watu.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku mbaya.

Bi Mwanahawa alibisha hodi akiwa na nepi zangu za Alhamisi mikononi, mvua ilimzuia jana, zimepigwa pasi na kukunjwa. Akampa mama mkwe. Kisha akasema kwa upole kwamba korosho zake zinapungua jamvini, kama tumeona mtu mwenye mikono myeusi tumwambie. Nikaficha mikono nyuma. Nilichelewa.

Mama mkwe aliitazama mikono yangu, akamwambia Doris aanze kufunga mizigo, mjukuu wake hatalelewa na mwizi. Nikasema, na nepi je? Nepi zangu zinazoibwa kila jioni mbona hamzisemi?

Mama mkwe akauliza nepi zipi. Bi Mwanahawa humletea kila asubuhi nikishatoka, zote, tena zimepigwa pasi. Bi Mwanahawa akaeleza mwenyewe. Aliona zinaachwa kambani mpaka giza, akajua sisi wageni hatujafundwa. "Nguo ya kichanga hailali nje, baba Glory. Ndege wa usiku akiipitia juu, mtoto anashikwa degedege. Nami nilisema huyu bibi yake ana goti, acha nimwanulie mimi."

Doris alikuwa ameshachukua begi. Sikumtazama Glory, nilijua nikimtazama nitalia.

Bi Mwanahawa ndiye aliyemtazama. Akamtazama sana, kisha akajipiga paji la uso. Akasema uzee huu mbaya, amesahau kwamba yeye mwenyewe alimwambia baba Glory achukue korosho kidogo amkaangie mzazi. Akaomba radhi kwamba hakunionya kuhusu maganda. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, akamwambia Doris arudishe begi.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Kwa shukrani, nakiri. Kisha nikavichoma vibanio vyote.

Jumapili, 21 Desemba

Arobaini imekwisha. Mama mkwe ameondoka leo kwenda kula Krismasi Moshi. Peke yake! Amesema nepi za kitambaa hazina neno, mtoto hana hata kipele. Glory anabaki. Mikono imebambuka, ngozi mpya imetoka. Nina furaha kubwa.

Lakini najiuliza. Bi Mwanahawa alidanganya kwa ajili yangu. Mtu hadanganyi bure. Na hiyo pasi ya kila siku, mkaa wake unatoka wapi? Anataka nini kwetu? Mama mkwe naye kabla ya kuondoka alisimama naye uani muda mrefu, wakinong'ona na kucheka, Glory akiwa katikati yao anasikiliza.

Jioni Doris ameniachia mtoto nimbadili nepi, mara yangu ya kwanza. Nilimfungua. Alikuwa mkavu kabisa. Akakikamata kidole changu, akanitazama kwa utulivu, akangoja mpaka nimeinama vizuri. Ndipo akanikojolea usoni.

Alingoja. Nimemwona kwa macho yangu kwamba alingoja. Mtoto huyu amefundishwa, na kesho naanza kuchunguza ni nani kati ya wale wawili.