Taa ya Ukweli Nyumbani kwa Bi Miza

Sharifu, aliyepewa jina hilo na wazazi wenye matumaini makubwa, aliinusa fursa kabla kahawa yake haijapoa. Bi Miza, mjane mwenye nyumba ya wageni pale Dunda, alikuwa amemaliza eda, na wachumba sasa walizidi wageni wa kulipa. Bibi huyo alitaka jambo moja tu: kumjua mkweli.

Sharifu akamletea taa, bure. Ikiwaka kijani, msemaji ni mkweli. Ikiwaka nyekundu, ni mwongo. Nyuma ya friji alichomeka kijisanduku alichokiita moyo wa taa. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo, ubao wa saketi usio na kasha, usiozidi kipande cha sabuni, iliyoiamrisha taa kwa bluetooth kila Sharifu alipobonyeza simu mfukoni.

Kwa uadilifu huo Abdillah wa Chalinze, aliyesema ana malori mawili, alipata nyekundu. Alikuwa nayo kweli, maskini. Aliondoka akijitilia shaka.

Wachumba walipokwisha, Sharifu aliketi mwenyewe chini ya taa, bila mshenga. Umeme ukakatika, kama desturi yake, kisha ukarudi. Taa iliamka papo hapo. Kompyuta, kama waungwana wote, huhitaji muda kufumbua macho. Hilo Sharifu hakulipigia hesabu.

"Bi Miza, sina mke, na nyumba yako siitamani."

Nyekundu.

Akabonyeza simu. Nyekundu vilevile.

"Imeharibika," alisema.

"Tangu lini, ndugu yangu? Tangu Abdillah?"

Sharifu akapiga hesabu. Taa ikiwa nzima, yeye ni mwongo. Ikiwa mbovu, ni mwongo wa jumla na rejareja.

"Nilikuwa naiwasha mimi."

Kijani.

Bi Miza akaitoa simu yake chini ya upindo wa kanga. "Simu yangu iliiona taa yako tangu juzi, ikataka kuungana nayo. Ikakataliwa, kumbe taa hii hukaa na bwana mmoja tu. Umeme ulipokatika ikawa mjane, nami nikawahi kuiposa."

"Basi nirudishie taa yangu, niende zangu."

"Kwanza mpigie Abdillah umwombe radhi, hapo hapo ulipokaa."

Sharifu akapiga. Aliomba radhi kwa ufasaha wake wote, kwa methali na kwa kiapo, na taa ikabaki nyekundu mpaka alipouacha ufasaha.