Balozi na Mausi ya Mama Mkwe

Balozi hakuwahi kuwakilisha nchi yoyote, wala mtaa, wala hata nyumba yake mwenyewe, maana nyumba hakuwa nayo. Jina hilo alilipata kwa sababu ya tai. Alivaa tai asubuhi, akavaa tai jioni, na wanaomfahamu wanasema alikuwa na tai shingoni hata siku alipotimuliwa na muuza duka aliyeuziwa saa ya ukutani isiyo na mashine ndani. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na nyoka akishatoka, Balozi angemuuzia pango lake mwenyewe.

Wakati tunapokutana naye, bingwa huyu alikuwa analala kwenye kochi la mama mkwe wake. Ndiyo, umesikia vizuri. Mtu mzima na tai yake, anaamka kwenye kochi la mama aliyemzaa mkewe, anakunja shuka mbiombio kabla mwenye nyumba hajatoka chumbani, halafu anasimama kando ya mlango kama mgeni aliyefika sasa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakuwahi kumwambia Balozi neno baya hata moja, na hilo ndilo lililomtesa. Afadhali angemtukana, wangemalizana.

Mkewe alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Wiki ile alipiga simu. "Nimehamishiwa hospitali ya huko. Mwisho wa mwezi nafika. Nikukute na kazi na chumba. Nikikukuta kwenye kochi la mama, mimi na wewe basi." Akakata. Balozi alimjua mkewe, hakuwa mtu wa kurudia maneno. Na alimpenda, tena alimpenda kweli. Katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa cha kughushi.

Basi mchana mmoja alirudi nyumbani akiwa hana hili wala lile. Asubuhi alikuwa ameacha mezani mausi mbili za gemu, pacha, zisizo na waya, zenye vitaa vinavyobadilika rangi, ambazo alipanga kumuuzia mtu kama vifaa vya kupimia presha; moja alikuwa ameijaribu kwenye gemu la puto, akaacha kipokezi chake kimechomekwa kwenye kompyuta. Alipofungua mlango akasikia pa! pa! pa! Mama mkwe alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kuukuu ya binti yake, ameegemea kidogo kama anatunga uzi, anapasua puto kwenye skrini.

"Mama! Unafanya nini?"

Mama akaruka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nafuta vumbi, kidude chako kikawaka. Nikabonyeza, puto likapasuka. Nikaona basi nipasue na jingine."

Balozi akatazama alama pembeni mwa skrini. Akavua miwani ya jua akatazama tena. Alama za bingwa wa mchezo huohuo katika ukumbi wa gemu uliokuwa barabara ya pili, kijana waliyemwita Umeme, zilikuwa zimebandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa, na kila apitaye alizijua. Mama huyu alikuwa amezipita, na pembeni ana sahani ya njegere anazomenya kwa mkono wa kushoto.

Mwingine angesema "hongera mama" akaenda zake. Balozi alitazama mausi. Akatazama kompyuta. Katikati yao hapakuwa na waya. Na pasipo na waya, ni nani atakayejua mkono uliopiga ni wa nani? Damu ikamsisimka, tai ikambana.

Sasa, ule ukumbi wa gemu ulikuwa wa bwana mmoja mnene aliyeitwa Bosi, hata na mama yake. Bosi alikuwa ametangaza kufungua chuo cha gemu. Chuo hakikuwa na kiti wala daftari, lakini ada kilikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni Mkufunzi Mkuu, mtu mwenye haiba, atakayemshinda Umeme mbele ya wazazi Jumamosi mbili mfululizo. Atakayeweza atapewa kazi, mshahara, na vyumba viwili vya juu ya ukumbi.

"Mama," Balozi alisema kwa unyenyekevu, macho chini, kama ipasavyo mbele ya mkwe. "Ni mchezo tu. Wewe utakaa nyuma kwenye benchi, umejifunika mtandio, mausi juu ya kitabu mapajani. Unaiona skrini yangu, unapiga. Mimi nitakaa mbele."

"Na wewe utafanya nini?"

"Mimi nitatoa jasho."

Mama akafikiri. "Huo si uongo, mwanangu?"

"Uongo ni maneno, mama. Mimi sitasema neno."

Mama alimtazama kwa uchovu, maana alikuwa akisikia sauti ya mkwe wake tangu alfajiri mpaka taa zinapozimwa. "Na ukipata hivyo vyumba, utahamia huko?"

"Siku hiyohiyo!"

Mama akasimama kutafuta mtandio wake. Haraka ile ilipaswa kumuuma Balozi kidogo, lakini mtu akishaona ngawira mbele haoni kitu kingine.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulijaa. Mashine zilipangwa ukutani, feni zikisukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, wazazi wamebanana nyuma ya viti. Balozi aliingia na tai nyekundu. Akachomeka kwenye kompyuta kile kipokezi kidogo kama ukucha, cha ile mausi iliyokuwa mapajani mwa mama, kisha akaweka mezani pacha wake, ambayo alikuwa ameitoa betri.

"Mbona yako haiwaki taa?" Umeme aliuliza. Alikuwa kijana mnyoofu, asiyepepesa macho, na swali lake lilikuwa la haki.

"Taa ni za wanaojifunza," Balozi akajibu, na ukumbi mzima ukatikisa vichwa kwa heshima.

Puto zikaanza kupanda. Jamani, kama hukuwepo ulikosa! Umeme alipiga kama mvua ya mawe. Upande wa pili Balozi alisukuma mausi yake mfu huku na huko, akauma midomo, akakunja uso, akatoa jasho la kweli kabisa, na puto zake zikawa zinapasuka moja baada ya nyingine bila hata moja kuponyoka. Kule nyuma, bibi mmoja aliyejifunika mtandio alionekana kusinzia.

Umeme alishindwa. Watu wakapiga makofi mpaka feni zikaonekana zimesimama. Balozi akainama kulia, akainama kushoto, na mama kwenye benchi akafungua mdomo kidogo, mikono yake ikainuka yenyewe kama anayetaka kupokea kitu. Kisha akairudisha chini ya mtandio. Makofi hayakuwa yake.

Wiki iliyofuata Balozi alivimba kichwa, akasahau kwamba aliahidi kutosema neno. Alisimama mlangoni mwa ukumbi akiwahutubia wazazi.

"Mzazi mwenzangu, rubani anaongoza ndege kwa nini? Kwa mkono! Daktari anapasua kwa nini? Kwa mkono! Sasa wewe mtoto wako ana mikono mingapi?"

"Miwili," mzazi akajibu.

"Na unaiacha hivihivi?"

Mzazi alitazama mikono ya mwanawe kwa aibu, akaingia ofisini kwa Bosi kulipa. Mmoja aliyekuwa mwalimu wa hesabu alilipia watoto wawili, pamoja na yule ambaye mkewe alikuwa bado hajamzaa. Bosi alizipokea ada kwa mkono wa kulia na kuzitumia kwa mkono wa kushoto, na kufikia Ijumaa alikuwa na gari jipya na hana senti ya kununulia kiti cha chuo.

Nyumbani mama alimuuliza, "Mwanangu, unawaambia watu nani alikufundisha?"

"Nawaambia ni kipaji cha kuzaliwa, mama."

"Ahaa," mama akasema, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi ya pili Bosi alikaa mbele, funguo za vyumba viwili zinaning'inia kidoleni. Balozi alizitazama funguo zile, akanyoosha tai. Mkewe angefika Jumatatu. Jumatatu angemkuta mwanamume mwenye kazi, mwenye vyumba, mwenye mlango wake wa kufunga. Angemtazama vile alivyokuwa akimtazama zamani.

Mchezo ukaanza. Alama zikapanda sambamba, kisha Balozi akaanza kumwacha Umeme. Hapo ndipo shetani wa maringo alipompanda.

"Ndugu wazazi!" akapaza sauti. "Sasa nitapiga nimefumba macho!"

Akafumba. Ukumbi ukapiga yowe, maana puto ziliendelea kupasuka palepale. Balozi akatabasamu gizani mwake, akisukuma mausi mfu kwa madaha.

Wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mwenye begi kubwa na viatu vyenye vumbi la safari. Alipata gari siku mbili mapema, akaenda kwa mama akakuta kufuli, jirani akamwelekeza huku. Benchi lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni.

"Mama!"

Niambie wewe: ni mama gani atakayemwona mwanawe aliyempoteza machoni karibu mwaka mzima, aseme ngoja nimalize puto? Mama aliinuka, mtandio ukaanguka, akamkumbatia binti yake kwa nguvu zote, mausi mkononi, akaanza kumpigapiga mgongoni kama mama wote wanavyofanya.

"Pole na safari, mwanangu!" Pa! Puto la kijani likapasuka.

"Mbona umekonda hivi?" Pa! Mshale kwenye skrini ukaruka mpaka kona ya juu.

"Huko walikuwa hawakulishi?" Pa! Pa! Mshale ukateleza kutoka begani hadi kiunoni, yaani kutoka juu mpaka chini ya skrini, ukazunguka, ukatetemeka, ukapiga mahali pasipo na kitu.

Watu wakanyamaza. Balozi, macho yamefumbwa, akadhani ni ukimya wa heshima, akazidi kutabasamu.

"Mama," sauti ya mkewe ikasikika ukumbi mzima, "unanichoma na nini mgongoni?"

Balozi akaijua sauti ile. Akafumbua macho, akageuka, na akaona kila mtu amegeuka. Mama mkwe alikuwa ameinua mkono, na mausi ndani yake inawaka nyekundu, kijani, buluu.

"Ni kidude cha mumeo," mama akasema kwa upole. "Tunacheza."

Kilichofuata kilikuwa kelele. "Tumeibiwa!" mwalimu wa hesabu akapaza sauti. "Ada zetu!" Viti vikasogezwa. Balozi akaificha mausi yake mfu mfukoni. Bosi alikuwa ameloa jasho. Alifikiria ada, akafikiria gari, akatazama mlango wa nyuma, akaona umezibwa na begi. Basi akapanda juu ya kiti.

"Wazazi, tulieni! Mnadhani sikujua? Hili lilikuwa somo la kwanza la chuo! Mkufunzi Mkuu ni mama huyu, tangu mwanzo. Huyu wa tai ni pambo tu!"

"Athibitishe!" Umeme akasema. Macho yake yalikuwa yanawaka kuliko mausi yoyote.

Mama akavutwa mpaka mbele. Akarekebisha miwani, akaomba radhi kwa Umeme mapema, wakaanza upya. Mikono ile iliyokuwa imetunga sindano maisha yake yote haikutikisika. Alipomaliza, Umeme mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, kisha ukumbi ukalipuka. Mama akageuka nyuma kuona wanampigia nani. Alipotambua, akajifunika uso kwa mtandio akalia, akacheka, akalia tena.

"Kama bibi anaweza hivi," mwalimu wa hesabu akanong'ona, "wangu watashindwaje?" Akakimbilia ofisini kumlipia na wa tatu.

Bosi akamnyooshea mama mkono. Mama hakuupokea.

"Funguo kwanza, baba. Na kompyuta moja ipandishwe juu leo, nifanye mazoezi. Na viti vya watoto viwepo Jumatatu. Kama huna hela, lile gari linauzika." Yote hayo kwa sauti ileile ya kuuliza umelalaje. Bosi alimpa funguo, na vijana wawili wakaipandisha kompyuta juu palepale.

Mke wa Balozi alikuwa bado amesimama kando ya begi. Balozi akamsogelea, tai imegeukia mgongoni.

"Nilisema nikukute na kazi na chumba," mkewe alisema. "Kazi naiona. Chumba nakiona. Vyote ni vya mama."

"Mke wangu, nitakueleza."

"Haya, eleza."

Balozi alitafuta maneno pale alipozoea kuyaweka, akakuta patupu. "Sina kazi," akasema hatimaye. "Sina chumba. Niliogopa utaondoka. Basi, ni hivyo tu."

Mkewe alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hajambo.

"Hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza ya kweli mwaka huu," akasema. "Beba begi. Mengine tutaona."

Akapanda ngazi na mama yake, wameshikana mikono, wanacheka. Balozi alilivuta begi nyuma yao, ngazi moja baada ya nyingine, na alipofika juu mlango ulikuwa umeshafungwa. Ulikuwa mlango mzuri, umepakwa rangi mpya. Akaweka sawa tai yake, akabisha.

"Hodi."

Hakuna aliyefungua. Kisha akasikia, pa! pa! pa!, na kicheko cha mkewe akimhimiza mama: hilo pale, mama, hilo pale!

"Hodi, mama," Balozi akarudia, kwa adabu zote za mkwe.

"Subiri hapo nje, mwanangu," mama akajibu kutoka ndani, kwa upole wake wote. "Nikimaliza kucheza nitafikiria kama nina nafasi ya mtu wa kufuta vumbi."