Tanki la Kufukuzia Ndovu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Voi. Joto, vumbi, mimi mzima.

Leo tangazo limebandikwa hapa ghalani. Chama cha ushirika cha wakulima wa mboga, Werugha, kinatafuta mkaguzi. Awe anajua kusoma na kuandika. Ajue kabichi nzuri na mbovu. Awe na pikipiki yake mwenyewe inayopanda mlima. Mahojiano Jumamosi ya tarehe 17, saa nne asubuhi.

Ni mimi huyo! Kabichi nimezipokea ghalani humu miaka sita. Pikipiki ninayo, tena ya Uingereza, ya mwaka 1953, niliachiwa na msimamizi wa shamba la mkonge aliyerudi kwao. Si hivi vidude vya siku hizi vinavyolia kama nzi kwenye kopo. Haiwaki, ni kweli. Lakini leo ni tarehe tano tu.

Kazi hii lazima niipate. Mke wangu Lois yuko Werugha na ng'ombe wake wawili, na amekataa katakata kuteremka Voi, ati joto litamuua. Mimi hupanda mara moja kwa mwezi. Mara ya mwisho binti yetu Elsie, mwenye miaka mitatu, alinifungulia mlango akaniambia mama hayuko, nirudi kesho. Tulicheka sana. Nilipoteremka peke yangu sikucheka.

Mutiso, fundi wa baiskeli hapa jirani, naye amesoma tangazo. Ana pikipiki ya Kijapani, mpya. Akaniuliza kwa upole kama kuku bado wanataga kwenye ile yangu. Sikumjibu. Wanataga, lakini sikumjibu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimekagua. Tanki lina matundu kumi na moja, kidole kinapita. Kabureta imeshikana kwa kutu.

Dawa ya kutu ni ukwaju. Jirani yangu Kalondu hakuwepo, nikachukua sufuria yake kubwa nikachemshia kabureta. Mambo madogo hayahitaji ruhusa. Imetoka inang'aa kama dhahabu! Baadaye Kalondu akaja kulalamika kwamba ugali wake umenuka petroli. Nikamwambia kwa bei ya petroli ya mwaka huu, ashukuru.

Jumatano, 7 Agosti
Habari njema. Dereva wa lori anasema kule Rukanga kuna pikipiki ndugu ya yangu, imekufa, ila tanki lake ni zima. Liko kwa Mama Wakio, mjane, analipiga kama ngoma kufukuza ndovu kwenye mahindi. Ati halitoi mpaka aletewe kitu kinacholia zaidi.

Nikafikiri nusu saa. Mimi nikifikiri, nafikiri! Kipande cha reli. Na mjomba wangu Obadiah, mhunzi wa Mwatate, anacho kimoja. Ndicho fuawe lake, anafulia majembe juu yake tangu sijazaliwa. Nimefika Mwatate saa saba, nikakuta mjomba amekwenda mazishini. Sasa ningemuuliza nani? Nikakibeba begani. Bega limekufa, lakini linajua kazi limefanya.

Alhamisi, 8 Agosti
Rukanga na kurudi. Barabara ya Kasigau, wacha tu.

Mama Wakio aliigonga reli mara moja, mbwa wote wa kijiji wakakimbilia mlimani. Akasema ndovu wakiisikia hii watahamia Tanganyika. Tanki nikapewa, na papai juu. Limebonyea upande mmoja tu, pale alipokuwa akipiga. Nimerudi nimelipakata kama mtoto mchanga. Abiria wengine walikuwa wanaliangalia kwa wivu.

Jumapili, 11 Agosti
Sikwenda kanisani. Mungu mwenyewe anaiona hali.

Nimetia kokoto na mafuta ya taa ndani ya tanki, nikalitikisa saa mbili nzima ili kutu ya ndani itoke. Kalondu alipita akauliza kama nimejiunga na kwaya. Kisha msasa, mpaka vidole vikapoteza alama. Pale palipobonyea nimejaza saruji kidogo, nikasawazisha. Nani atajua? Ni kazi ya kiwandani kabisa.

Jumanne, 13 Agosti
Rangi nyekundu, mkono wa kwanza. Upepo wa Voi ukaleta vumbi ukalibandika lote juu. Si kitu, vumbi letu nalo ni jekundu.

Nimefunga tanki. Nikapiga kiki. Kimya! Mara sitini nimehesabu, mguu unatetemeka mpaka sasa. Mutiso akaja, akasikiliza, akasema petroli haifiki, huenda kuna kitu tankini, kama napenda ataangalia bure. Bure! Mtu anayegombea kazi na wewe anakutengenezea bure? Nikamshukuru nikamwonyesha njia.

Jumatano, 14 Agosti
Dereva ameniletea barua ya Lois. Anasema mjomba anazunguka Mwatate nzima akiuliza nani kachukua fuawe lake. Lois mwenyewe anasema hana haja ya kuuliza, anamjua mwizi na hata namba ya viatu vyake anaijua. Anasema moyo wa mjomba una hasira, na hasira ya mjomba mtu halali nayo. Nikamwombe atase kabla sijapanda huo mlima.

Sisi Wataita tunajua maana ya kutasa. Mzee mwenye hasira huchukua funda la pombe au maji ya muwa, hulipuliza nje kwa maneno ya baraka, na hasira hutoka nalo. Mambo ya zamani. Mimi nimebatizwa na kipaimara nimepata.

Lakini kiki sitini! Hadhari si woga. Nimemtumia mjomba salamu aje.

Ijumaa, 16 Agosti
Alfajiri nimepaka rangi mkono wa pili. Lo! Ukiliangalia tanki unajiona na meno.

Mjomba amefika saa nne, rangi bado mbichi. Akauliza fuawe liko wapi. Nikasema liko Rukanga, linaokoa mahindi ya mjane. Akalizunguka tanki mara mbili. Halafu akasema mimi ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wa dada yake, afanyeje?

Akamimina maji ya muwa. Nilidhani atapuliza mlangoni, kama wazee wengine. Yeye akasema hasira yake yote ilikuwa juu ya hiki chuma, basi itokee hapo hapo. Akajaza mashavu. Nikapiga kelele. Fuuu! Upande wa kulia. Fuuu! Upande wa kushoto. La tatu akanipuliza mimi usoni, ati mimi ndiye ninayelihitaji zaidi.

Rangi imekuwa madoadoa kama kanga! Nilitaka kulia. Mjomba wala hakujali, akalifungua tanki, akalipindua, na kokoto nne zikaanguka. Alama za vidole vyake vitano zimebaki pale mbele. Akarudisha tanki, akapiga kiki moja. Ikawaka! Mungurumo wake ulitikisa mabati ya Kalondu.

Sasa, ni funda la muwa au ni kokoto? Mimi nasema ni kabureta yangu. Na madoadoa, ukiyaangalia vizuri, ni nakshi. Hakuna pikipiki nyingine kama hii Kenya nzima.

Jumamosi, 17 Agosti
Naandika nikiwa Werugha, na mkono umechoka.

Nimetoka Voi saa moja. Mwatate watu walisimama barabarani kuniangalia. Mjomba aliinua nyundo. Sijawahi kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa asubuhi ya leo, haki ya Mungu!

Kona za kupanda Wundanyi, saruji ikabanduka. Kumbe chini yake kulikuwa na ufa. Petroli yote imeishia kwenye suruali yangu ya mahojiano. Nimesimama kando, Mutiso akatokea. Akasimama. Akasema nipande nyuma, tutafika sote kwa wakati, wazee wachague wenyewe.

Mimi! Nyuma ya Mutiso! Niingie kwetu nimemshika kiuno! Nikamwambia asante, napumzisha injini.

Nimesukuma mpaka saa saba. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa anafunga mlango. Akasema Mutiso ndiye aliyewaomba wanisubiri, na wamesubiri mpaka saa sita. Kazi amepewa yeye. Unaona hila ya mtu yule?

Nimekaa kibarazani nikalia. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyeniona.

Jumapili, 18 Agosti
Jana Lois alinifulia suruali, akanipa maziwa ya moto, hakunicheka. Akasema yeye hakuwahi kutaka mkaguzi. Hajali kazi, hajali pikipiki. Anachotaka ni tuwe pamoja, yeye na mimi na mtoto, ninapokwenda waende na wanapobaki nibaki. Matuta ya viazi yanahitaji mwanamume, niache ghala nikae. Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijawahi kuona mwanamke anampenda mtu hivi. Nikamwambia nimesikia, na nilikuwa nimesikia kweli.

Nimelitafakari neno lake mpaka asubuhi, ndipo nikaelewa. Ninapokwenda waende! Pikipiki inabeba wawili, sisi tuko watatu. Maskini mke wangu anataka kigari cha pembeni na anaona haya kuniambia.

Hori la ng'ombe wake ni saizi kamili. Mbao ngumu, hazijaoza popote. Likikatwa miguu, likipigwa msasa, likipata gurudumu moja, wataingia wote wawili na mto wa kukalia. Yeye na Elsie wamekwenda kanisani, hawatarudi mpaka saa saba, na msumeno nimeuona kwa jirani, dirishani. Nyasi za ng'ombe nimezihamishia kitandani kwa muda. Atafurahi huyo!