Tanuri Lenye Magurudumu

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe anatoka hospitali Ijumaa. Nyonga. Daktari anataka alalie kitanda kilichoinuka, asiiname akiinuka. Nimetangaza mezani kuwa nitakitengeneza mwenyewe. Mke wangu akanyamaza. Ukimya wake naujua: ni jibu refu.

Mbao nimeshanunua. Nzuri, nzito, bei ya kutupa. Kaka wa mke wangu, seremala aitwaye Randa, akazigonga kwa kidole akasema mbichi. Eti nizipange kivulini, niweke vijiti katikati upepo upite, ncha nizipake rangi zisipasuke. Muda? Mwaka mzima kwa unene wa inchi moja. Subira huvuta heri, najua. Lakini mimi heri naitaka Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni
Nimewaza. Kukausha ni joto tu, na joto ninalo. Gari letu la umeme lina hita ambayo hatujawahi kuiwasha. Nimevilaza viti, nikapanga mbao hadi kwenye usukani, nikafunga vioo joto lisitoroke. Vijiti nimeviacha, vinakula nafasi. Rangi pia. Randa anajitafutia umuhimu.

Gari nimelificha nyuma ya nyumba. Waya wa kuchaji haufiki huko. Macho ya watu pia.

Jumatano, 5 Juni
Vioo vimelowa kwa ndani! Maji yanatoka! Nikakimbia na kipande hadi kwenye mizani ya jikoni. Kimepungua uzito wa jani la chai. Maji yametoka kwenye mbao, yakahamia kwenye viti.

Randa alikuja kuchukua ngazi yake, akachungulia, akauliza nachemsha nini. Akasema unyevu hautoki kwa kufukuzwa, hutoka kwa kupewa njia. Nikaongeza joto.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu kauliza habari za betri. Nikamjibu kuwa gari la umeme likisimama injini haili kitu. Kweli tupu. Hita sikuitaja. Nusu ya kweli si uongo. Ni kweli ambayo haijakauka.

Mchana nikasikia ka! Kisha ka! nyingine. Ncha zinapasuka.

Ijumaa, 7 Juni
Gari limezima kabisa. Hata mlango umefunguka kwa kubembelezwa. Mke wangu alisimama na begi la nguo za mama yake, akautazama ubao uliopinda kama mgongo wa paka. Hakupandisha sauti.

"Mama anasubiri kwenye kiti cha magurudumu. Mpigie kaka. Mpigie wewe."

Nikampigia. Randa hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaja na pikapu yake ya moshi, akitokea hospitali. Mama mkwe mbele. Nyuma, kitanda. Kilichoinuka, cha mbao kavu, kingo zimelainishwa. Alikianza Jumatatu jioni. Kumbe ule ukimya wa mezani ulifika mpaka kwa kaka mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe amelala vizuri. Kaniita, kaomba aone ubao wangu. Akaupapasa polepole, ule ufa, ule mpindo, kama anayepapasa mguu wake.

"Mkwe wangu, nyonga yangu wameipa miezi mitatu, nayo ni mfupa mmoja. Huu ulikuwa mti mzima. Wewe umeupa siku ngapi?"

Nilikaa kando yake mpaka chai yangu ikapoa. Baadaye akasema angependa kistuli cha kuegemezea mguu. Nikitengeneze mimi. Hana haraka, akasema, akafumba macho.

Ubao nikaubeba taratibu, nisimwamshe.

Jumapili, 9 Juni
Nimeyatafakari maneno ya mama mkwe usiku kucha, na kosa langu nimeliona. Gari lilikuwa limesimama.

Upepo! Randa mwenyewe alisema upepo. Nitazifunga mbao juu ya paa, niteremke kwa kasi mlima huu tunaoishi juu yake. Mbao zitakauka, na gari la umeme likishuka hujichaji lenyewe. Bure! Kistuli atakiona Jumanne.

Kupanda je? Hilo nitalifikiria nikishafika chini.