Propela ya Nahodha wa Endebess

Endebess nzima, ambako maji mengi kuliko yote ni bwawa la kunyweshea ng'ombe, ilikuwa na nahodha mmoja tu. Khaemba! Mwaka wa 2004 aliuza mahindi yote ya msimu akanunua boti ya injini. Ati watalii watapanda. Watalii wa wapi? Hilo, alisema, ni swali la watu maskini.

Nasambu, mkewe, hakubishana. Alifunga nguo zake akarudi kwao Myanga.

Wakwe wakatuma neno: Jumamosi tunakuja kuona hiyo boti. Ikitembea, mke chukua. Isipotembea, lala na injini yako.

Basi nahodha akaamua kufanya mazoezi, akagonga kisiki. Propela, yale mapanga ya nyuma yanayosukuma boti, yakajikunja kama chapati. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni, na bado yuko nchi kavu.

Aliing'oa propela akakimbilia nayo Kitale kwa Hamdun, muuza spea karibu na msikiti.

"Nipe propela."

"Ya trekta?"

"Ya boti, bana!"

Hamdun alimwonea huruma. "Ndugu yangu, enda Kisumu. Huko kuna ziwa, na mafundi wa boti wamejaa."

"Kisumu ni ya watu hawajui watu! Mimi niko na fundi wa kuaminika hapa hapa nyumbani."

Hakuwa naye. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kumtafuta.

Kufika Bungoma akaona kibao: DUKA LA KUAMINIKA. SPEA ZA BOTI, NDEGE NA POSHOMILI. Lo, roho ikatulia! Ndani kulikuwa na poshomili, mashine za kusaga mahindi, pande zote. Ndege, nadhani, zilikuwa zimeruka.

Sikuku, fundi mwenye duka, aligeuzageuza ile propela.

"Kazi lahisi hii. Si ni feni tu? Lakini niambie, inavuta boti ama inasukuma?"

Hapo mwenye akili husema sijui. Lakini nahodha mzima aseme hajui, mbele ya fundi wa poshomili?

"Inavuta! Kwani wewe umewahi kuona boti kweli?"

"Mimi? Nimetengeneza nyingi mpaka nimechoka!"

Nyingi, ndiyo. Nyingi kama watalii wa Khaemba. Sikuku akapasha propela moto, akayapinda mapanga yote upande wa pili, akapaka rangi ya fedha. Ilipendeza sana.

Jumamosi wakwe wakafika. Baba mkwe alisimama ukingoni na Nasambu. Mama mkwe alikaa nyuma kabisa, amejifunika leso, uso ameugeuzia shambani. Kwa Wabukusu, mume wa binti na mama mkwe hawakaribiani, hata mkono hawapeani. Ukimgusa, hiyo ni aibu, na utalipa faini.

Khaemba alijisukuma kwa mti hadi katikati ya bwawa, akaelekeza pua ya boti ng'ambo, mgongo kwa wakwe.

"Baba, angalia vile naenda!"

Akavuta kamba. Injini ikanguruma. Boti ikaenda, tena mbio. Kinyumenyume!

"Simamisha!" Nasambu alipiga kelele.

Wacha we! Khaemba aliongeza mafuta ili isonge mbele, nayo ikazidi kukimbia nyuma. Baba mkwe akaruka huku, Nasambu kule. Mama mkwe, kwa heshima zake, bado alikuwa anatazama mahindi. Boti ikagonga ukingo, Khaemba akarushwa nje, akamwangukia mama mkwe na kumkumbatia kwa mikono miwili.

Hata ng'ombe waliacha kunywa.

"Pole, mama," alisema Khaemba, bado amemshika. "Ni propela."

"Kwanza mwachilie!" baba mkwe akafoka.

Faini ilikatwa papo hapo, nayo ilikuwa boti. Trekta iliivuta hadi Myanga, ikang'olewa injini, ikawekwa zizini. Ng'ombe wa mzee hulia majani humo asubuhi na jioni. Nasambu, ambaye hajarudi Endebess, ndiye huwawekea, na huwaambia majirani kwamba tangu aolewe, hicho ndicho kitu cha kwanza mumewe amenunua kikafanya kazi.